Daftari la Raha Ndogo: shajara ya mradi wa nyumbani, Mwanza, Machi hadi Juni 2020

Jumatano, 18 Machi 2020

Jana Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, kwa hiyo tangazo hilo limenirudisha nyumbani kwa njia mbili, kama mzazi na kama mwalimu. Baba watoto ataendelea kutoka kila asubuhi kwa sababu ni fundi wa injini za boti na kazi yake iko ufukweni. Mdogo wangu wa kidato cha sita amefika jana usiku na sanduku lake la bweni. Tunaishi Isamilo, mlimani, katika nyumba ambayo nyuma yake kuna mwamba mkubwa kuliko nyumba yenyewe, na mbele yake kuna kibaraza chembamba kinachotazama ziwa.

Leo nimefungua daftari jipya la mistari. Madhumuni ya mradi ni kuandika raha ndogo zinazopatikana ndani ya uzio wetu bila kuongeza senti kwenye bajeti ya nyumba, na pamoja na kuziandika, kujua kila moja inategemea nini: saa, upepo, mvua, mwezi au mtu fulani kuwa ametulia. Siamini kwamba raha ya nyumbani huja kwa bahati tu. Nadhani ina masharti yake kama mboga zilivyo na msimu wake, na mzazi anayeyajua masharti hayo anaweza kuwaandalia watoto wake, na kujiandalia mwenyewe, jambo la kungojea kila siku. Wakati huu ambapo kila taarifa ya habari inaongeza hofu, kuwa na jambo la kungojea ni hitaji la kweli.

Raha ya kwanza niliyoiandika ni yangu peke yangu: chai ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Jiko la mkaa linawashwa saa kumi na moja na nusu, birika linawekwa pamoja na tangawizi iliyopondwa na majani mawili ya mchaichai kutoka kando ya karo, na mimi naketi kwenye kigoda mlangoni. Kwa Mwanza jua huchelewa kuchomoza, karibu na saa moja kasorobo, kwa hiyo nina muda mrefu wa giza jepesi ambao wakati wa shule niliupoteza kwa kupiga pasi sare.

Jumatano, 25 Machi

Mwezi umeandama na usiku ni giza totoro. Saa mbili usiku nilizima taa ya kibaraza ili kupunguza wadudu, na hapo ndipo wote tuliona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani, mstari mmoja karibu na mdomo wa ghuba na nyingine zimetawanyika kuelekea visiwani. Miaka yote tumeishi hapa tukiwa na taa hizo mbele yetu, lakini saa mbili usiku huwa ni saa ya kusahihisha madaftari kwangu na saa ya mazoezi ya hesabu kwa watoto.

Baba watoto aliwaeleza sababu. Dagaa huvutwa na mwanga, na zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ingawa siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, kisha wavu unazungushwa. Kifungua mimba, ambaye ana miaka kumi na mmoja, aliuliza kama mwezi wenyewe hauwezi kuwavuta dagaa. Baba yake alimjibu kwamba mbalamwezi ndiyo adui wa kazi hiyo, kwa kuwa mwanga ukienea ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya samaki. Nimewaagiza watoto waandike katika daftari kila usiku kama taa zipo nyingi, chache au hazipo kabisa. Hii ndiyo raha ya kwanza yenye masharti tunayoweza kuyapima, na ninaifurahia sana.

Ijumaa, 3 Aprili

Mwamba wa nyuma ya nyumba. Nitaandika kwa kirefu, maana katika haya yote ndio ninaoupenda zaidi.

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na sisi wenyeji tunaizungukia, tunaianikia nguo, tunajenga juu yake na tunailalamikia pale shimo la choo linapokataa kuchimbika. Mwamba wetu ni wa matale, umri wake unahesabiwa kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na upande wake wa magharibi una bapa lenye mwinamo ambalo mtu mzima anaweza kuegemeza mgongo wote. Kuanzia saa sita mchana jua hulipiga bapa hilo bila kizuizi hadi linapozama, na jiwe linalipokea joto polepole mno. Saa saba mchana ukiweka kiganja unahisi vuguvugu tu. Saa kumi huwezi kukaa. Na saa moja jioni, wakati upepo umeshapoa na watoto wanatafuta masweta, jiwe linaanza kurudisha kile lilichopewa mchana.

Nimelipima jambo hili kwa jioni kadhaa. Katika siku isiyo na mvua, mgongo unapata joto la kuridhisha tangu saa moja jioni hadi karibu saa tatu na nusu, na joto hilo haliunguzi wala halipungui ghafla. Mvua ikinyesha baada ya saa tisa alasiri, raha hii haipo siku hiyo, kwani maji hulipoza jiwe mara moja. Tunatandika jamvi chini, tunaegemea watano kwa mstari, kitinda mimba akiwa mapajani mwangu, na mara nyingi hakuna anayesema lolote kwa muda mrefu. Kiuno changu, ambacho kimenisumbua tangu uzazi wa mwisho, kinapata nafuu ambayo sijawahi kuipata kwa dawa ya kuchua. Baba watoto akirudi kutoka ufukweni, na baada ya kunawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo ya getini na kubadilisha nguo, huja moja kwa moja mwambani kabla hata ya kuuliza chakula.

Jumatano, 8 Aprili

Mwezi mpevu, mkubwa na mweupe kupita kawaida. Ziwani hakuna taa hata moja. Watoto waliandika neno «hakuna» kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Mvuvi mmoja jirani yetu alipita uzioni na kuthibitisha kwamba hizi ndizo siku za kutengeneza nyavu na kuziba mitumbwi, wengine wakienda kuwasalimu wazazi wao vijijini.

Alhamisi, 16 Aprili

Likizo ya siku 30 imeongezwa bila kutajwa tarehe ya mwisho. Mdogo wangu alilia kidogo kwa ajili ya mtihani wake wa taifa, na mimi nilikaa naye hadi akatulia. Kwa upande wa fedha mambo si mepesi, kwa sababu shule ninayofundisha ni ya binafsi na bila ada mishahara imepunguzwa. Nayaandika haya hapa kwa kuwa yanahusu mradi: sharti la kutoongeza senti sasa lazima lizingatiwe kikamilifu.

Kutokana na hilo, chakula kimeingia katika daftari. Mama mkwe alitutumia furushi la matobolwa kutoka Magu, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa hadi vikakauka kabisa. Nyumbani kwetu watoto walikuwa wakiyadharau wakiyalinganisha na biskuti za dukani. Nimeanza kuyaloweka usiku, kuyachemsha asubuhi kwa maji kidogo na chumvi, na mwishoni kuyachanganya na karanga zilizotwangwa. Kipande kilichopikwa vizuri kina ngozi inayonata kidogo kwenye meno, na katikati yake kuna utamu mzito uliotulia ambao sukari haiwezi kuuiga. Kwa chai ya tangawizi isiyo na maziwa hakuna kinachokosekana. Sasa kitinda mimba ndiye anayekumbusha kuyaloweka.

Alhamisi, 23 Aprili

Giza la mwezi limerudi, taa za dagaa zimerudi, na pamoja nazo wadudu wadogo wa ziwani. Jana alasiri tuliwaona wakipanda kutoka juu ya maji kama moshi wa tanuri la matofali, nguzo mbili ndefu zilizoinama kufuata upepo. Wadudu hawa huanzia maisha chini ya ziwa wakiwa viluwiluwi, na wengi huibuka pamoja karibu na siku za mwezi mwandamo, ndiyo sababu daftari letu linaonyesha tarehe zao zikikaribiana na zile za taa. Kuna watu wa mwambao wanaowakusanya na kuwala. Sisi tulifunga madirisha, tukazima taa zote na kuketi gizani sebuleni, na hapo mtoto wa kati akaanza, «Kitendawili!» Tukaitika, «Tega!» Kuanzia hapo hatukulala mapema.

Nimeandika pembeni: usiku wa wadudu ni usiku wa vitendawili. Hivyo kero imepata matumizi, na mwezi ujao tutajiandaa kwa kukusanya vitendawili vipya mapema.

Jumamosi, 2 Mei

Bao limeanza. Baba watoto alichimba mashimo uani chini ya mwembe, safu nne za mashimo manane, jumla 32, akayasiliba kwa udongo wa kichuguu ili yasibomoke. Kete 64 tumezipata kwa kuokota vijiwe laini, na kazi ya kuvichagua viwe vya ukubwa mmoja ilichukua asubuhi nzima na kuwafurahisha watoto kuliko mchezo wenyewe. Raha yangu hapa ni sauti: kete zinapotawanywa shimo kwa shimo, nikiwa jikoni namenya ndizi, naweza kutambua ni nani anayecheza. Mdogo wangu hutawanya haraka bila kusita. Kifungua mimba huhesabu kwanza, na ukimya wake mrefu hufuatwa na mtawanyo mmoja wa uhakika.

Saa nzuri ni kati ya saa tano na saa tisa, wakati upepo wa ziwani umeshaanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kivuli cha mwembe kiko uani. Kabla ya saa tano hewa imesimama na watoto wanagombana. Nimelifuatilia hili kwa makini: ugomvi mwingi wa nyumba hii hutokea katika saa mbili zile za asubuhi kabla upepo haujaanza, kwa hiyo nimehamishia hapo kazi za kufua na kumwagilia mboga, ambazo zina maji.

Jumamosi, 16 Mei

Leo alfajiri tulishuka ufukweni na barakoa zetu, kabla watu hawajawa wengi, kuangalia alama. Tangu Aprili kifungua mimba alikuwa ameweka alama za chokaa kwenye jiwe moja la ukingoni ambalo zamani tulikuwa tukiketi na kutumbukiza miguu. Alama zote zimezama, na jiwe lenyewe limebaki kama kiganja kimoja tu juu ya maji. Mvua zilizoanza vuli ya mwaka jana hazijapumzika, na ziwa hili hupata takribani asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, ilhali mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Naili kule Jinja. Mwezi huu kipimo cha Jinja kimefikia mita 13.42 na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Kuna familia za ukingoni ambazo maji yameingia hadi vyumbani, na tulipopanda kurudi hatukuwa na maneno mengi. Mchana watoto walichagua nguo na vyombo tukavipeleka kwa jirani mmoja wa chini aliyehama.

Raha ya kuketi jiweni nimeifunga katika daftari kwa maandishi: «imesimama hadi ziwa lishuke». Haiwezekani kila kitu kiandaliwe na mzazi.

Jumapili, 24 Mei

Idi el Fitri. Majirani zetu walituletea sahani ya pilau na vileja juu ya uzio, na sisi tukarudisha sahani ikiwa na maembe machache ya mwisho. Simu ya jioni kwa mama yangu Ukerewe imekuwa desturi ya kila Jumapili: simu inawekwa sauti ya juu katikati ya jamvi, watoto wanasema, «Shikamoo bibi,» kwa pamoja, naye anaitikia kila mmoja peke yake, «Marahaba,» akitaja majina yao yote matatu bila kukosea mpangilio wa umri. Leo alisimulia hadithi ya sungura na kiboko hadi salio lilipokatika kabla kiboko hajajua kwamba amedanganywa. Kitinda mimba alikataa kulala mpaka tukaomba salio kwa jirani.

Jumatatu, 1 Juni

Kidato cha sita wamerejea shuleni leo pamoja na vyuo. Nilimsindikiza mdogo wangu hadi stendi. Saa moja jioni mwambani tulijipanga kwa mazoea na kukawa na nafasi upande wa kushoto, karibu na ufa wa jiwe, mahali alipozoea kukaa.

Kwenye ufa huo anaishi mjusi ambaye hajapata nafasi yake humu, nami namwandika leo. Ni dume la mjusi wa miambani, lenye kichwa, shingo na mabega ya waridi iliyokoza na kiwiliwili cha buluu, jamii ambayo wanasayansi wameipa jina *Agama mwanzae* kutokana na mji wetu huu. Hutoka jua linapolifikia jiwe, hujilaza hadi apate joto, kisha hujiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele mara nyingi akiwaonya madume wengine. Majike wake ni wa rangi ya jiwe lenyewe, na ni lazima macho yatulie ndipo uwaone. Mtoto wa kati huniletea taarifa zake kila siku kama vile anamhusu kikazi. Ukikaa bila kutikisika anakaribia hadi urefu wa mkono, na unaona ngozi ya koo lake ikipiga kwa kasi.

Jumanne, 16 Juni

Rais ametangaza bungeni kwamba shule zote zitafunguliwa tarehe 29 Juni. Watoto walipiga kelele za furaha hadi majirani wakatoka. Mimi nilifurahi na pia nilihisi kitu kikinibana kifuani, na usiku nilifungua daftari na kuanza kuweka alama pembeni mwa kila raha: ipi itaweza kuishi pamoja na ratiba ya shule na ipi haitaweza.

Jumapili, 21 Juni

Mwezi mwandamo tena, na safari hii umepita mbele ya jua. Kwetu Mwanza kupatwa kulikuwa kwa sehemu tu. Nilikuwa nimewaonya watoto tangu jana wasithubutu kulitazama jua kwa macho, na tulikuwa tumetoboa kadibodi kwa sindano ili tuone kivuli chake. Kadibodi haikuhitajika. Ilipofika saa moja na nusu, mwanga ulipenya kati ya majani ya mwembe na kuangukia ukuta mweupe wa jiko, na kila tundu la mwanga, ambalo siku zote huwa duara, lilikuwa limemegwa upande mmoja. Ukuta mzima ulijaa hilali ndogo zilizotikisika kila majani yalipotikisika. Kila nafasi kati ya majani ilikuwa inafanya kazi ya lile tundu la sindano.

Kifungua mimba alichukua kalamu ya risasi na kuchora mzunguko wa hilali moja ukutani, kisha akaichora tena kila baada ya muda hadi ilipojaa. Michoro ile imebaki ukutani na nimekataza isifutwe. Chai ilipoa kwenye birika na hakuna aliyejali.

Jumapili, 28 Juni

Sare zimepigwa pasi, viatu vimekaguliwa, na kitinda mimba amegundulika kuwa kidole gumba kimefika mwisho wa kiatu, hivyo atavaa vya kaka yake na soksi mbili hadi mshahara utengemae.

Hali ya mradi ni hii. Chai ya alfajiri itaanza saa kumi na moja kamili, nusu saa mapema, ili nisiipoteze kwa ajili ya pasi. Nimeshaanza kuamka hivyo tangu Alhamisi na inawezekana. Mwamba hauna mgongano na shule, kwa sababu joto lake linaanza baada ya masomo ya ziada kwisha, na sasa kiangazi kimeingia, mvua za alasiri ni chache, kwa hiyo Julai na Agosti zinapaswa kuwa bora kuliko miezi tuliyoipima. Bao litahamia Jumamosi. Taa za dagaa zitaendelea kuandikwa, na zamu hiyo amepewa mtoto wa kati, ambaye ameshachora jedwali la miezi hadi Desemba likiwa na safu ya wadudu pembeni. Simu ya bibi inabaki palepale, ila sasa salio linanunuliwa Jumamosi.

Kilichobaki ni mashimo mawili ya bao, la pembeni na lililo karibu na shina la mwembe, ambayo yamemegwa na kuku. Baba watoto ameahidi kuyasiliba kesho jioni akirudi, na udongo wa kichuguu uko tayari kwenye ndoo.